Basi la Garissa na kanuni mbovu ya kompyuta

Haya jamani, leo tuache kidogo mambo ya Linux na programu huria. Nataka kuzungumzia mabasi. Usifunge ukurasa, maana tutarudi kwenye kompyuta sasa hivi.

Sisi Watanzania tukisafiri kwa basi nchi za watu huwa tuna orodha yetu ya malalamiko: viti vinavyobana magoti, video inayopiga kelele, dereva anayeondoka saa anayotaka yeye. Njia ya Nairobi hadi Garissa, kilomita 370 hivi kupitia Thika na Mwingi, ina hayo yote, na juu yake joto. Lakini hayo ni cha mtoto. Kinachochosha ni vizuizi. Basi linasimama, abiria mnashuka, mnapanga mstari, vitambulisho mkononi. Mnapanda. Baada ya muda mnashuka tena.

Katika safari yangu ya kurudi Nairobi nilionyesha pasi ya Tanzania, nikarudi kitini bila kuulizwa chochote. Kijana niliyekaa naye, mzaliwa wa Garissa, akaachwa juani akihojiwa: baba yako nani, ukoo gani, ulisoma wapi? Mgeni kapita, mwenyeji kazuiwa! Sasa hapo kinakaguliwa nini?

Najua utasema usalama. Sipuuzi. Tarehe 22 Novemba 2014 Al-Shabaab waliteka basi lililotoka Mandera wakaua watu 28. Tarehe 2 Aprili 2015 walivamia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148. Hakuna anayetaka basi lipite bila kuangaliwa. Lakini kumbuka pia Desemba 2015, karibu na El Wak: washambuliaji walipotaka kuwatenga Wakristo, abiria Waislamu walikataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Basi lile lililindwa na abiria wenyewe, si na karatasi.

Tuje kwenye kompyuta. Kambi za Dadaab zilianzishwa mwaka 1991. Ukame ulipokaza, Wakenya wengi wa maeneo ya jirani, wenye njaa, waliandikishwa kama wakimbizi ili wapate chakula na matibabu. Wengi walikuwa watoto, wakaandikishwa na wazazi. Baadaye alama za vidole zikaingizwa kwenye kompyuta. Mtoto yule anapofika miaka 18 na kuomba kipande, mashine inasema: huyu ni mkimbizi. Ombi limekwama. Watetezi wa haki wanakadiria walionaswa hivyo ni watu wapatao 40,000.

Angalieni vizuri, wapenzi wa teknolojia. Mashine haikukosea! Vidole ni vilevile. Mbovu ni kanuni iliyoandikwa na binadamu: "Akionekana kwenye daftari la wakimbizi, basi si Mkenya." Daftari lile lilirekodi nani alipokea chakula. Halikurekodi nani alizaliwa wapi. Umechukua data iliyokusanywa kwa kazi moja, ukaifanya hakimu wa jambo jingine.

Na bila kipande nchini Kenya huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako. Bila laini hakuna M-Pesa. Basi hata nauli unamwomba ndugu akulipie, halafu kwenye kizuizi unaulizwa wewe ni nani.

Kuna wanaoamini dawa ni mfumo mpya zaidi. Wasomali wa Kenya walishapewa kadi yao ya pekee baada ya msako wa 1989. Mwaka 2019 ikaja Huduma Namba, na Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema utoaji wa kadi zake ulikiuka sheria ya kulinda data. Ikafuata Maisha Namba. Februari 2025, Rais Ruto akiwa Wajir alitia sahihi tamko la kufuta mahojiano ya ziada kwa waombaji wa kitambulisho wa mikoa ya mpakani. Hatua nzuri, nampongeza. Lakini tamko halifuti rekodi iliyo ndani ya mashine, wala halimzuii mtu wa kizuizini kuuliza ukoo.

Ushauri wangu ni wa fundi tu. Moja: kila rekodi ionyeshe ilikusanywa kwa sababu gani, na isitumike nje ya sababu hiyo. Mbili: mtu akikataliwa, apewe sababu kwa maandishi, mahali pa kukata rufaa, na siku ya mwisho ya kujibiwa. Tatu: barabarani wakague silaha, mizigo na uhalali wa kadi, basi. Ukoo si silaha.

Wenzangu mnaoandika programu, mkiunganisha daftari mbili, jiulizeni kwanza: atakayekataliwa kimakosa ataongea na nani? Kama jibu ni "hakuna mtu", kazi yenu bado haijaisha, hata kama programu inafanya kazi vizuri kabisa.

Mnaosafiri njia hiyo, niambieni: mlishushwa mara ngapi?