Waifai Haina Kosa

"Waifai imekata." Kauli hii husikika kila mtandao unapokwama, na mara nyingi si kweli. Waifai ni mawimbi ya redio yanayobeba data kati ya simu yako na ruta iliyoko sebuleni, na kazi yake inaishia hapo. Kutoka kwenye ruta ni safari nyingine: waya au mnara wa kampuni, kisha mikongo ya baharini. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika, simu Tanzania na Kenya zilionyesha mistari yote ya waifai huku kurasa zikigoma kufunguka. Anayechanganya mambo haya hununua ruta mpya kwa tatizo lililo chini ya bahari. Inaniuma, maana ni fedha ya mtu.

Wengine husema ukificha jina la waifai yako, wezi hawataiona. Wataiona. Kifaa chako kikiungana hulitaja jina hilo hewani, na programu za bure hulinasa. Ulinzi ni nywila ndefu pamoja na usimbaji wa WPA2 au WPA3.

"Ruta yangu ni ya 5G, imeandikwa." Ruta za laini ya 5G zipo, lakini 5G iliyo mwishoni mwa jina la waifai kwa kawaida ni gigahezi 5, yaani masafa ya mawimbi. 5G ya simu ni kizazi cha tano cha mitandao ya simu. Gigahezi 5 ina kasi, ila ukuta wa tofali huidhoofisha haraka; gigahezi 2.4 ni ya polepole lakini hufika mbali zaidi. Ukiwa chumba cha mwisho, chagua hiyo.

Dai linalozua ugomvi zaidi ni hili: "Nimelipia 20, napata mbili na nusu. Wameniibia!" Hapana. Kampuni huuza kwa megabiti kwa sekunde; kompyuta inapopakua faili, mara nyingi huonyesha megabaiti kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8, na 20 ukigawanya kwa 8 ni 2.5. Umepata ulicholipia chote. Ukipata nusu megabaiti kwa sekunde kutwa nzima, hapo una haki ya kulalamika, lakini usipime kwa waifai. Chomeka waya kwenye ruta, pima asubuhi na usiku, andika namba pamoja na kipimo chake, ndipo uwapigie.