Bima ya Msafiri wa Meli

Wasomaji wetu wengine walioko Uingereza wametuuliza: mtu mwenye bima ya safari, akitaka kumchukua mama yake mzee katika meli ya matembezi, ana haja gani ya kuongeza fedha kwa bima ya meli? Je, huko si kulipa mara mbili kwa kitu kimoja?

Twajibu kuwa si kitu kimoja. Bima ya kawaida imepimwa kwa msafiri wa nchi kavu: akiugua, hospitali iko mjini, akikosa gari, liko jingine. Abiria wa meli hana hayo. Ndiyo sababu hati nyingi za kawaida haziidhamini safari ya meli mpaka mtu aongeze malipo, na sharti hilo huandikwa ndani kabisa, mahali ambapo watu hawasomi.

Jambo kubwa ni maradhi. Daktari wa meli hutoza kama daktari wa binafsi, na ile kadi ya afya impayo mkazi wa Uingereza matibabu katika hospitali za serikali huko Ulaya, kwa kawaida haimfai kitu melini. Mgonjwa akizidiwa, huenda akachukuliwa kwa helikopta mpaka pwani, kisha kwa ndege mpaka kwao; gharama yake yaweza kumfanya mtu auze nyumba. Basi tazameni kwanza: je, hati yataja kuchukuliwa mgonjwa kutoka baharini, na kwa kiasi gani? Na ikiwa mama ana presha au sukari, itajwe waziwazi tangu mwanzo. Kuificha ili malipo yapungue ni kujidanganya, kwani kampuni ikigundua yaweza kulikataa dai lote.

Tena, meli haimngoji mtu. Machi 2024 abiria wanane wa Norwegian Dawn walichelewa kurudi kutoka matembezini katika kisiwa cha São Tomé, meli ikang'oa nanga bila wao. Wakaenda kuingojea Gambia, lakini hali ya maji haikuiruhusu kuingia bandarini. Ikawabidi waifuate mpaka Dakar, Senegal. Bima ya meli huweza kulipa nauli ya kuifuata meli bandari ya mbele, ila aghalabu kwa sababu zilizotajwa, kama gari la abiria kuharibika njiani. Mzembe wa saa hujilipia mwenyewe.

Yako na mengine, kama vile nahodha kuiruka bandari iliyoahidiwa, au abiria kufungiwa chumbani. Februari 2020, katika Diamond Princess iliyozuiliwa Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711, abiria walikaa vyumbani siku zipatazo 14. Hati nyingine hulipa kwa kila siku ya kufungiwa, ijapokuwa maradhi ya mlipuko huenda yakatengwa, nalo liulizwe. Ziko hata zinazolipia mavazi ya karamu yakipotea! Hilo twawaachia wenye nayo.

Hukumu ya bima katika sheria yetu ni mlango mwingine. Lakini hata aliyechagua takafuli hana budi kuuliza maswali haya haya kabla ya kulipa, apate jibu kwa maandishi, na amwachie mtu wa nyumbani nakala ya hati pamoja na namba ya simu ya dharura.