Maana ya Pili na Haki ya Kuicheka

Toleo hili tumelitenga kwa jambo ambalo wataalamu wetu wa lugha aghalabu hulipita kama kwamba halina hadhi ya kuandikiwa, nalo ni neno lililotamkwa kwa moyo mweupe, likapokewa na sikio la pili kwa maana ambayo msemaji hakuikusudia, hata baraza zima likaangua kicheko. Maadamu kicheko hicho hakikutungwa na msemaji, bali kimezaliwa kwa msikilizaji, suali linalotushughulisha si nini kinachochekesha, bali ni nani aliye na idhini ya kucheka.

Mtu wa Ruangwa asemaye kwamba jana walilalia ming'oko hana atakalo illa kueleza kuwa chakula chao cha usiku kilikuwa mizizi ile ya porini ambayo watu wa Lindi na Mtwara huichimba na kuichemsha. Lakini mtani wake humwuliza papo hapo kama mbavu haziumi, na kama godoro la sufi limekwisha nyumbani. Mwanamke aliyenunua kanga kwa kupenda rangi yake hupita nayo mlangoni kwa jirani, na maandishi ambayo yeye hakuyasoma yakasomwa huko kuwa ni kijembe. Timu ya Namungo, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019, mashabiki huiita Wauaji wa Kusini. Basi mtangazaji akisema kwa sauti yake ya utulivu kwamba Wauaji wa Kusini wamekwisha wasili mjini salama, mgeni asiyejua habari za mpira ana kila sababu ya kufunga mlango.

Susan Sontag wa Marekani, alipoandika mwaka 1964 juu ya ladha ya kufurahia mambo yaliyopambwa kupita kiasi, alishikilia kwamba yaliyo safi katika namna hiyo ni yale yasiyojijua, yaliyofanywa kwa dhati kabisa kisha yakashindwa. Nachingwea ilikwisha kuona kielelezo chake: mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanzishwa mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ambao ulileta vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta kuja kupigana na vichaka, ukajengewa na reli kutoka Mtwara, ilhali karanga zenyewe hazikuonekana kwa kadiri iliyotarajiwa. Waliopanga hawakutania hata kidogo. Lakini ardhi iliyoparuliwa ilikuwa ya wenyeji, na kwa rai yangu wenyeji hao ndio wenye haki ya kwanza ya kuufanyia mzaha.

Haki hiyo, kusini kwetu, ina sheria yake, nayo ni utani. R. E. Moreau aliuandikia mwaka 1941 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na wengine wakamfuata; lakini Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde hawakuhitaji jarida kuwafundisha kwamba neno lililoteleza huokotwa na mtani, na asiye mtani huinamisha uso akajifanya hakusikia. Tazama msibani, mahali ambapo kila mwingine amefungwa kinywa na huzuni: mtani, pengine mwanamume aliyejifunga nguo za bibi kizee aliyefariki, huiga mwendo wake na kikohozi chake, hulizuia jeneza mpaka apewe chochote, na wafiwa, machozi yakiwa bado mashavuni, hucheka bila ya kuona haya. Hachekeshi bure mtu huyo. Yeye ndiye pia anayeshika jembe la kaburi, ndiye anayepika, ndiye anayebaki na wafiwa watu wengine wakishaondoka. Kicheko chake kimefungamana na dhima, na dhima hiyo ndiyo inayokitenga na stihizai.

Sanaa ya siku hizi imerithi nusu moja ya urithi huo. Wachekeshaji kama Joti wa Orijino Komedi, kwa kuvaa uhusika wa wazee na wa wanawake, wameendeleza ufundi wa mtani kwa ustadi ninaouheshimu, na mtazamaji anajua kuwa huo ni mchezo. Ninachokikataa ni ile desturi ya kuchukua ulimi uliomteleza bibi harusi, mhubiri au mwalimu, ukarekodiwa kwa simu na kupelekwa kwa maelfu ya watu wasio watani wake, wasiomjua, na ambao hawatamchimbia kaburi. Hao wamejitwalia utani bila ya kuubeba.

Makala zinazofuata zimeandikwa na watu wanaopenda kucheka, nasi hatukuzipunguzia chumvi. Msomaji wa Nachingwea, wa Ruangwa na wa kwingineko aliye na usemi wa namna hii na atuletee, asilitaje jina la aliyeusema, ila atueleze aliyeucheka alikuwa nani kwake.