Rangi mpya si uzima wa gari

Pesa za mpunga zikiingia, baadhi ya familia za Puge huanza kuwaza gari. Lami ya Nzega hadi Tabora inapita hapo hapo, na dalali hakosi maneno: "Washa uondoke, maongezi yapo."

Kabla ng'ombe hajauzwa kujazia bei, baba na mama waende pamoja, asubuhi, injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto huenda anaficha jambo. Moshi wa bluu ni dalili kwamba injini inakula oili.

Kisha waangalie usalama wa watoto. Kila mkanda uvutwe kwa ghafla, usioshika haufai. Swichi ikiwashwa, taa ya eabegi iwake halafu izime. Isipowaka kabisa, huenda ilikatwa baada ya ajali. Ubavuni mwa tairi zipo tarakimu nne: 2316 maana yake wiki ya 23, mwaka 2016. Kashata zinaweza kuonekana nzuri kumbe mpira umeshachoka, na tairi la hivyo hupasuka safarini.

Gharama ya kila kasoro iandikwe, ijumlishwe, ndipo iondolewe kwenye bei inayotajwa. Fundi wa kukagua aletwe na mnunuzi, si dalali. Namba ya chesisi ifanane na ya kwenye kadi, na umiliki uhamishwe TRA.

Ikiwa baada ya kulipa haibaki pesa ya tairi na mikanda, gari hilo bado ni ghali kwa familia hiyo, hata kama limeuzwa bei chee.