Kapteni wa ombaomba

Haya, leo nagombana na wapenzi wa sanaa. Nimechoka kusikia eti Jacques Callot "aliwaonyesha maskini kama walivyo". Nani kasema?

Mnamo 1622 na 1623 mchoraji huyu wa Nancy alichora picha 25 za ombaomba kwenye mabamba ya shaba. Kazi yenyewe iko hivi: bamba linapakwa vanishi, unachora kwa sindano, asidi inakula shaba pale ulipokwangua, kisha unatia wino na kuchapa karatasi nyingi. Yaani kikongwe mmoja anauzwa mara mia.

Sasa angalia picha ya kwanza. Mtu wa matambara kashika bendera iliyoandikwa kwa Kitaliano "Capitano de Baroni". Baroni hapo si waheshimiwa, ni matapeli. Kwa hiyo hata kabla hujamwona kipofu, kabla hujamwona mama na watoto wake, umeshaambiwa hawa ni jeshi la waongo, tena lina kapteni! Ustadi upo, sibishi. Mistari yake inanenepa na kukonda kwa raha kabisa. Ndiyo maana tusi limeishi miaka 400.

Mtaniambia, basi Rembrandt. Mtanitolea ile ya 1648, familia imesimama mlangoni, mwenye nyumba anamtilia sarafu mama aliyebeba mtoto mgongoni. Nzuri. Lakini mnunuzi wa picha hiyo alijiona nani pale kama si mwenye nyumba? Kalipia karatasi, kapewa na sifa ya ukarimu juu.

Mimi nawapa ile ya 1630, ndogo kuliko kadi ya posta. Ombaomba ameketi kwenye tuta, mdomo wazi, mkono kaunyoosha, na sura ni ya Rembrandt mwenyewe, kijana wa Leiden ambaye hajafika miaka 25. Najua, baba yake alikuwa na kinu cha kusaga, njaa hakuijua. Anaigiza. Lakini walau anayekuomba pale ana jina. Wale wa Callot hakuna hata mmoja aliyeandikwa jina.

Na nisijifanye mtakatifu. Nimewahi kumpiga picha mzee mmoja kando ya barabara, ikatoka gazetini, na maelezo niliyoandika chini yake yalikuwa: "Ombaomba akiwa kazini." Nilidhani nachekesha. Jina sikumuuliza.