Msingi wa Tanuri Katika Nchi ya Baridi

Wakulima wenzangu, watu wengi wa Kinangop na Ol Kalou hunijia ofisini kuuliza habari za tanuri la nje la kuokea mkate. Huuliza matofali mangapi, na mlango uwe na upana gani. Habari za msingi hawaulizi, na mimi nasema ya kwamba hapo ndipo fedha zetu zinapopotea.

Siwacheki, maana mimi mwenyewe nilikosa kabla yenu. Tanuri langu la kwanza nililijenga juu ya sakafu ya simiti ya inchi tatu, iliyomwagwa juu ya udongo mweusi baada ya kukwangua majani tu. Wakati wa kiangazi likakaa vizuri, tukala mkate. Mvua za Aprili ziliponywesha ardhi, pembe moja ikainuka, na ufa ukapita toka mlangoni hadi juu ya kuba. Mke wangu aliuziba kwa udongo mara tatu, nao ukafunguka mara tatu.

Udongo mweusi huvimba unapolowa, na unapokauka hunywea mpaka mkono waingia katika nyufa zake. Tanuri la matofali laweza kupita tani moja, lakini uzito huo hauuzuii. Tena hauvimbi sawasawa; upande upatao maji huinuka kwanza.

Wako wanaosema tufuate vitabu vya ng'ambo. Huko Kanada na kaskazini ya Marekani mafundi huchimba futi nne na zaidi, kwa kuwa ardhi yenyewe huganda, na maji yakiganda huongezeka kadiri ya sehemu 9 katika 100. Sisi twaona umande ulioganda juu ya majani alfajiri za Januari, na viazi huungua, lakini jua likipanda umekwisha. Barafu haishuki ardhini. Kuchimba futi nne kwa kuiogopa ni kujichosha bure. Adui wetu ni maji.

Kwa hiyo chimba kwanza shimo la kujaribia. Ukikuta murram ngumu au mwamba kabla ya futi tatu, ondoa udongo mweusi wote, ujenge kwa mawe toka hapo. Usipoikuta, usiufukuze udongo mpaka kuzimu. Ondoa futi mbili, shimo lizidi tanuri kwa futi moja kila upande, ujaze murram kwa tabaka za inchi sita na kushindilia kila tabaka, kisha umwage zege ya inchi tano yenye nondo. Zege hiyo ikisogea, itasogea kipande kimoja. Lakini angalia: shimo hilo lazima liwe na mfereji wa kutolea maji upande wa chini, na mwingine wa kuyazuia upande wa juu. Bila hiyo umechimba bakuli.

Usiliunganishe tanuri na ukuta wa jikoni, wala usilijenge karibu na mikaratusi, ambayo hunyonya maji upande mmoja. Na juu ya zege, chini ya matofali ya sakafu, tandaza inchi nne za yale mawe mepesi ya Naivasha yaeleayo majini. Zege baridi yenye unyevu hunyonya moto, ukamaliza kuni na mkate ukabaki mbichi chini.

Mkulima mmoja aliniambia ya kwamba lori la murram ni ghali kuliko tanuri lenyewe. Pengine ni kweli, kama tanuri ni la nyumba moja. Ndiyo sababu nafikiri yafaa majirani watano wajenge moja lenye msingi, kuliko kila mtu kuwa na lake lenye ufa.

Matofali yangu nimeyabomoa, na yaliyo mazima nimeyafunika kwa mabati. Nitachimba baada ya mvua fupi, udongo ukiwa si tope wala haujapasuka.