Sahani za plastiki zilivyogeuka siasa katika Pasaka ya Wayahudi

PASAKA ya Wayahudi, ambayo huangukia Machi au Aprili, hutanguliwa na usafi usio na kifani. Kila chembe ya chachu sharti iondolewe nyumbani, kwa maana Torati inaharamisha kula, na hata kumiliki, kitu kilichoumuka katika siku 7 za sikukuu hiyo, ambazo nje ya Israeli huwa 8. Unga wa ngano uliotiwa maji ukaachwa dakika 18 kabla ya kuokwa huhesabiwa kuwa umekwisha kuchacha.

Sheria hiyo haikomei kwenye mkate. Sufuria na sahani za kila siku nazo hazifai mezani, kwani huaminika kuwa zimefyonza chachu. Hapo ndipo plastiki ilipopata mlango. Badala ya kuchovya vyombo vya madini katika maji yanayochemka, au kununua seti nyingine mbili (nyama na maziwa havichanganywi), familia nyingi hununua sahani, vikombe na vijiko vya kutumiwa mara moja. Wageni wakishaondoka, kitambaa cha meza, nacho cha plastiki, hukunjwa pamoja na vyote vilivyo juu yake na kutupwa jaani.

Serikali ya Israeli ilijaribu kuufunga mlango huo. Mnamo Novemba 1, 2021, chini ya Waziri wa Fedha Avigdor Liberman, vyombo hivyo vilianza kutozwa kodi ya shekeli 11 kwa kilo, na bei yake ikapanda karibu maradufu. Mauzo yakashuka.

Hata hivyo, hesabu ya siasa ilileta jibu jingine. Watumiaji wakubwa wa vyombo hivyo ni Wayahudi wa Haredi, wanaoshika sheria za dini kwa ukamilifu. Hao ni takriban asilimia 13 ya wakazi wa Israeli, wengi wao ni maskini, na mwanamke wao huzaa kwa wastani watoto zaidi ya 6. Isitoshe, Liberman alikuwa amejijengea jina kwa kupinga vijana wao kusamehewa utumishi wa jeshi. Kodi iliyotoka mkononi mwake wakaiona kuwa kiboko walichotengewa wao. Benjamin Netanyahu aliporejea mamlakani Desemba 2022 akiungwa mkono na vyama vyao, haukupita muda. Januari 2023, Waziri mpya wa Fedha, Bezalel Smotrich, alitia saini amri ya kuifuta.

Ni rahisi kuwacheka. Lakini yafaa tujiulize ni nani huosha vyombo vya watu 20 usiku wa manane, baada ya majuma mawili ya kusugua nyumba nzima. Kwa kawaida ni mama. Siku ya Sabato mzigo huzidi, kwa kuwa vyombo visivyohitajika tena siku hiyo haviruhusiwi kuoshwa mpaka jua litue, hurundikana tu. Anayetaka kumhubiria mama huyo kuhusu samaki wa Mediterania na akunje kwanza mikono ya shati.

Kwetu Kenya, marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 ilikuwa kali kuliko kodi hiyo, faini yake ikianzia Sh2 milioni. Ilinung'unikiwa, ila hapakuwa na dini iliyoweza kudai kwamba imelengwa yenyewe.

Kwa maoni yangu, walioitunga kodi ya Israeli walipuuza hoja iliyokuwa ndani ya dini yenyewe. Kumbukumbu la Torati 20:19 linakataza jeshi linalozingira mji kuikata miti ya matunda. Marabi waliipanua amri hiyo, na katika karne ya 12 Musa bin Maimun aliandika kwamba avunjaye vyombo, araruaye nguo au kuharibu chakula bila sababu ameivunja. Wapo wanaojibu kuwa kilichotengenezwa ili kitupwe hakiharibiwi kinapotupwa. Hoja hiyo si ya kubezwa, ijapokuwa mwenye duka ndiye huifurahia zaidi.

Kuna pia suala la heshima. Rabi Moshe Feinstein wa New York, aliyefariki mwaka wa 1986 na ambaye fatwa zake hutegemewa mno na Wayahudi wa aina hiyo, aliamua kwamba kikombe cha kutupwa hakistahili kubarikia divai ya Sabato iwapo kipo kingine. Marabi wengine walilegeza. Jambo la kuzingatia ni kwamba alikuwa akiutetea utukufu wa sikukuu, wala hakuwa mwanamazingira.

Nyumba nyingi za zamani zilikuwa na sanduku la vyombo vya Pasaka, yakirithiwa na mabinti, na kufunguliwa mara moja kwa mwaka. Wayahudi wenye asili ya Uhispania na nchi za Kiarabu wana nafuu zaidi: kwa kawaida marabi wao huamini kioo hakifyonzi chochote, hivyo glasi za mwaka mzima huoshwa tu na kurudishwa mezani. Kodi imekwenda, lakini sanduku hilo halihitaji saini ya waziri. Linahitaji mtu wa pili kwenye karo, na katika familia yenye wavulana wanne au watano, huyo si wa kutafutwa mbali.